Fundi, Safari Hii Ni Kweli

Mtaani kwetu Ngamiani, Tanga, magonjwa yana madaraja. Aliyevunjika mguu akarudi na plasta ngumu nyeupe hupishwa kiti barazani, watoto humwandikia majina yao kwenye plasta, na kahawa halipi. Mwenye malaria hupewa pole ya kawaida, mambo yakaisha. Lakini nenda ukawaambie watu kwamba vidole vyako vimekufa ganzi. Watautazama mkono, watauona mzima, vidole vyote vitano vimetimia, kisha wataendelea na bao lao. Ganzi haina heshima.

Mimi ni fundi cherehani. Mkono wangu wa kulia umeshika mkasi na pasi ya mkaa tangu ujana, na haukuwahi kulalamika. Ulipoanza kulalamika ulichagua saa nane za usiku. Nilikuwa nazinduka vidole vinawaka moto na papo hapo havisikii kitu, nakaa kitandani nikiukung'uta mkono hewani mpaka damu itulie. Mke wangu alidhani nafukuza mbu. "Chandarua kipo," akaniambia huku amefumba macho. "Unamfukuza nani?"

Barazani nilipewa majibu kabla sijamaliza kueleza. Mmoja alisema gesi, wa pili presha, wa tatu baridi yabisi. Mzee mmoja alitikisa kichwa kwa huzuni akasema hicho ni kiharusi kinapiga hodi, kisha akaagiza kashata. Jirani yangu wa ukuta mmoja hakuwa na shaka kwamba nimetupiwa kitu, akanitaka nikumbuke ni mteja gani niliyemcheleweshea nguo ya harusi. Nilijaribu kumtaja mmoja nikashindwa, si kwa kukosa majina. Basi nikapakwa mafuta ya nyonyo, nikapakwa ya mbuni, mwisho nikapakwa mafuta niliyoapiwa kuwa ni ya simba. Yalinuka dagaa.

Kilichonitatiza zaidi ni kidole cha pete. Kilikuwa kimekufa ganzi nusu tu, upande unaotazama kidole cha kati, kana kwamba mtu amepitisha mstari wa chaki katikati. Hili barazani hawakuwa na jibu lake. Daktari aliyenipokea, mama mmoja mpole mwenye mikono midogo, alikuwa nalo tayari. Mkono, alisema, una neva kadhaa, na mbili kati yake zimegawana vidole. Neva ya kati hupita kwenye kifundo cha mkono, ikahudumia gumba, kidole cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Neva ya ulna huzunguka nyuma ya kiwiko, ikahudumia nusu iliyobaki na kidole cha mwisho. Ukijigonga kiwiko kwenye ukingo wa meza umeme ukakutambaa hadi kidole cha mwisho, hukugonga mfupa. Umeigonga neva hiyo, ambayo pale haina nyama ya kuikinga.

Kwa hiyo kwa muda mrefu nusu ya kidole changu ilikuwa na habari kwamba nimevaa pete ya fedha aliyonipa mke wangu, na nusu nyingine haina taarifa. Baadaye neva ya kiwikoni nayo ikabanwa, ikawa hakuna upande wowote unaojua kama nina mke. Nilimweleza hivyo mwenyewe, kwa nia njema kabisa, nikidhani ni elimu. Alichonijibu hakichapishiki.

Vipimo vilikuwa burudani, kwa mke wangu. Kwanza daktari alinigonga kwa ncha ya kidole kwenye kifundo cha mkono, polepole, na cheche zikaruka hadi kwenye gumba. Nikapiga ukelele. Akasema kugonga huko kuliandikwa mwaka 1915 na mabwana wawili, Jules Tinel wa Ufaransa na Paul Hoffmann wa Ujerumani, kila mmoja kwa upande wake, wakati nchi zao zikiuana vitani. Sisi watu wa Tanga vita hivyo tunavijua kwa nyuki waliowavamia askari hapa mjini Novemba 1914, lakini naona wengine walipata nafasi ya kugongana mikono.

Kisha akanipa karatasi niibane kati ya gumba na kidole cha shahada, yeye akaivuta. Ikatoka bila ubishi. Akanipa tena, nikakaza meno, gumba likapinda lenyewe kama linasujudu, na karatasi ikaondoka. Kipimo hicho nacho kina jina la Mfaransa, Froment. "Daktari," mke wangu akasema kutoka kwenye kiti cha wasindikizaji, "umekosea kifaa. Mpe noti ya mwekundu wa Msimbazi abane, uone kama utautoa." Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Mimi nilikuwa mgonjwa, sikuwa na haki ya kujibu.

Nilipimwa kwa umeme vilevile. Wanakubandika vibati, wanarusha vishoti vidogo, mashine inapima neva inachukua muda gani kupeleka habari. Majibu yalitoka kwamba habari zinachelewa kifundoni na zinachelewa kiwikoni. Mke wangu akasema hayo angeweza kuwaambia bure.

Upasuaji wenyewe daktari alinieleza kwa lugha ya dukani kwangu. Kifundo cha mkono kina mifupa midogo 8 iliyojipanga ikaacha njia, na juu ya njia hiyo umetandazwa ukanda mgumu. Humo ndani hupita kano 9 za vidole na neva moja, zote zinasukumana. "Fundi," akauliza, "ukiletewa shati linalombana mtu mkononi unafanyaje?" Nikasema natatua mshono naachia nafasi. "Basi ndicho tutakachofanya, kifundoni na kiwikoni." Nikauliza, ule ukanda mkishaukata mnaushona kwa uzi gani? Akasema ukanda hawaushoni. Wanashona ngozi tu, ule wa ndani huziba wenyewe ukiwa umelegea. Sikulala usiku huo. Katika kazi yetu, kitu ukikikata usikishone, hilo ni deni.

Niliingia asubuhi, nikatoka mchana. Chumba cha upasuaji hakina kisa. Kulikuwa na baridi, redio ilikuwa inaimba taarabu, nikaulizwa jina langu na kila aliyepita. Kisa kilianzia kwenye sindano ya ganzi. Waliichoma juu ya mtulinga, karibu na bega, na baada ya dakika chache mkono mzima ukahama. Sisemi ulilala. Ulihama. Uliendelea kuning'inia begani, mzito, wa moto, wenye kucha zangu, lakini mwenyewe hayumo. Muuguzi aliniambia utarudi baadaye usiku au kesho yake, niuangalie usije ukagonga kitu.

Hospitali ilikuwa Dar es Salaam, kwa hiyo nililala kwa dada yangu Mbagala, chumba kimoja na shemeji, mke wangu akiwa na dada chumba cha pili. Mkono ulikuwa juu ya mto, umefungwa kitambaa cha shingoni. Sijui nilijigeuzaje. Ninachojua ni kwamba usiku wa manane nilizinduka, giza totoro, na juu ya kifua changu kuna mkono wa mtu. Si kwamba nilihisi kama mkono. Ulikuwa mkono, mkubwa, una bendeji. Nikaupapasa kwa mkono wa kushoto: vidole vitano, vya moto, havishtuki. Nikaukamata kwa nguvu zote nikapiga ukelele, "Mwizi! Nimemshika!"

Anayeijua Mbagala anajua neno hilo halipigwi kwa utani. Shemeji aliruka na shuka lake mpaka dirishani. Mlinzi wa nyumba ya tatu akapuliza filimbi. Dada yangu alitokea na mchi. Taa ilipowashwa mlango ulikuwa umejaa vijana wenye magongo wakiuliza yuko wapi, na mimi nimeketi kitandani nimekamata mkono wangu mwenyewe sitaki kuuachia. Kimya kikatanda. Kijana mmoja akauliza kwa adabu sana, "Shikamoo mzee. Sasa tumpige yupi?"

Mke wangu aliwaomba radhi mmoja mmoja. Asubuhi ganzi ilipoisha na maumivu yakaingia, shemeji alinitazama nikiugulia, akasema, "Angalau mwizi mwenyewe amekiri."

Amri kubwa ya wiki ya kwanza ni kwamba mkono ukae juu kuliko moyo, ili usivimbe. Vitabuni ni amri nyepesi. Jaribu kuitii ukiwa stendi ya Magufuli pale Mbezi, unarudi Tanga. Ukisimama na mkono wako hewani, umefungwa kitambaa cheupe, kila mwenye bodaboda anaamini umemwita yeye. Walifika watatu kwa mpigo wakaanza kugombana nani aliniona mwanzo. Bajaji ikapanda ukingo. Mpiga debe wa basi la Morogoro alinichukulia begi akaenda nalo, na mke wangu akamfuata kwa maneno ambayo sikujua anayajua.

Hayo yalikuwa ya bure. Nililipia Tanga. Kulikuwa na kikao cha harusi ya mtoto wa kaka yangu, nami kama baba mdogo sikuweza kukosa. Nikakaa nyuma, kwenye kona, mkono umeegemea mgongo wa kiti cha mbele ukitazama dari kama daktari alivyotaka. Nilikuwa nimemeza dawa ya maumivu na usingizi ulikuwa unanichezea. Mwenyekiti akasimama: "Ndugu wajumbe, tunaanza na laki tatu. Nani anafungua?" Ukumbi ukazimika, kama kumbi zote zinavyozimika kwenye laki tatu. Kisha nikasikia, "Baba mdogo! Makofi tafadhali! Mgonjwa, na bado ametangulia!" Vigelegele vikapigwa. Katibu akaandika. Nilipoamka nikataka kusema jambo, na kwa kutaka kusema jambo nikaunyanyua mkono zaidi, mwenyekiti akasema kwa sauti ya kulia, "Anaongeza!"

Nilimfuata katibu kesho yake. Akanijibu kwamba daftari limeshapigwa picha na kurushwa kwenye kundi la familia, hadi kwa walioko Muscat, na wa Muscat wamenipa pongezi.

Nyumbani mtihani ulikuwa mavazi. Nimewashonea mashati watu wa mji huu, sare za shule tatu na kanzu za maimamu, lakini sikujua kishikizo cha shati ni jambo la mikono miwili mpaka nilipobaki na mmoja. Nikahamia kwenye kikoi. Kikoi kinakusanywa kwa kulia na kuviringishwa kwa kushoto. Kwa mkono mmoja kinakaa kiunoni kwa hatua chache, kisha kinafanya uamuzi wake. Baada ya kufanya uamuzi huo mbele ya mwenye duka la mkaa na mkewe, nilimkabidhi mjukuu wangu kazi ya kunifunga. Mtoto ana bidii. Alikuwa ametoka kufundishwa na wavuvi wa Deep Sea jinsi ya kufunga ngalawa isichukuliwe na maji. Alinifunga fundo hilo, akaenda madrasa. Mimi nilikuwa nimekunywa uji wa pilipili manga. Sitaeleza zaidi, ila maji hayakuichukua ngalawa na wala mimi sikufika nilikokuwa nakwenda.

Tena kuna suala la adabu. Kwetu mkono wa kushoto una idara yake, na idara hiyo iko msalani. Sasa ghafla umepandishwa cheo: unatoa pesa, unapokea chenji, unasalimia wazee, unakula. Kila nilipomnyooshea mtu noti kwa kushoto ilinibidi nianze na hotuba ya kuomba radhi. Muuza mihogo alinisamehe, ila noti aliipokea kwa ncha za vidole.

Kwenye harusi yenyewe, niliyoichangia kuliko bwana harusi, walinikalisha kwenye sinia na wazee wanne. Nikatoa kijiko nilichokuja nacho mfukoni. Wazee wakatazamana. Mmoja akakumbusha, kwa upole, ni nani anayekula kwa kushoto. Mwingine akasema dharura ina ruhusa yake. Wakajadili fiqhi hiyo mpaka pilau ikaanza kupoa, na mwishowe rafiki yangu wa utotoni akakata shauri: nisitie kushoto siniani, yeye atanilisha. Nikafungua kinywa kama kifaranga mbele ya watu mia. Alinilisha kwa moyo safi, matonge makubwa, hanipi nafasi ya kumeza. Lakini nilianza kugundua kwamba yote ni wali. Nyama ilikuwa inaelekea upande mwingine. Kila nilipotaka kulalamika, tonge lilikuwa limeshafika.

Nyuzi zilitolewa baada ya wiki mbili hivi, kama kawaida ya kazi hizi, na hapo ndipo nilipoiona kazi ya daktari kwa mara ya kwanza. Muuguzi alidhani nimenyamaza kwa woga. Nilikuwa nakagua. Kwenye kiganja alishona uzi wa nailoni, kila mshono na fundo lake, haukuungana na wa jirani. Mmoja ukikatika mingine haifumuki. Nafasi zimelingana. Kiwikoni ndiko alikonimaliza: hakuna uzi unaoonekana hata mmoja. Kapitisha chini kwa chini, ndani ya ngozi, uzi unaoyeyuka wenyewe, kama upindo wa suruali ya suti iliyoshonwa kwa mkono. Nilimwambia muuguzi ampelekee salamu, na kwamba akichoka na hospitali, kwangu kuna meza na cherehani ya bure.

Turudi dukani, maana huko ndiko nilikoonewa. Mtu wa kazi yangu anajulikana kwa sentensi moja: njoo kesho. Umeme ulikatika, njoo kesho. Vifungo vya rangi hiyo vimekwisha mjini, njoo kesho. Wateja wetu wanajua, nasi tunajua wanajua, na biashara inakwenda. Sasa kwa mara ya kwanza katika umri wangu nilikuwa na udhuru wa kweli, mzito, wenye mhuri wa hospitali, na hakuna hata mmoja aliyeuamini.

Alitangulia mama mwenye sare za harusi. Alisikiliza habari za neva zote mbili bila kupepesa, kisha akasema, "Fundi, mwaka juzi ulifiwa na shangazi. Mwaka jana ukafiwa na shangazi huyohuyo. Leo mkono?" Nikamwonyesha bendeji. Akasema bendeji zinauzwa famasi. Bendeji ilipotoka nikamwonyesha kovu kiganjani, fupi, limetulia, limeshonwa na bingwa. Hapo nikaharibu kabisa, maana daktari mzuri ndiye shahidi mbaya. "Hiki?" akauliza. "Mimi nimezaa kwa kisu mara mbili, na baada ya wiki nachota maji." Nikatoa barua: asinyanyue vitu vizito, asishike mkasi wiki 6. Akaipiga picha akairusha kwenye kundi la sare. Jioni wakaja wote, na nazi, na ndizi, na sukari, wakanipa pole nzuri sana, na kila mmoja akaondoka na kitambaa chake.

Alibaki kijana wangu wa dukani. Nilikaa kwenye kiti nikimwelekeza kwa mdomo: kata hapa, acha hapo, ongeza nusu inchi kwapani. Kukaa umetazama mtu anakata kitambaa cha mteja, nawe mkasi huuwezi, ni maumivu ambayo vidonge nilivyopewa havikuyafikia. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliniagiza niwe nafinyafinya kitu laini kurudisha nguvu za vidole, sponji, au hata unga uliokandwa. Neno "unga" alilisema mbele ya mke wangu. Tangu siku hiyo chapati za nyumba hii ni mazoezi, na mazoezi hayana mapumziko.

Niliuliza, kama kila mgonjwa anavyouliza, ni lini vidole vitarudi. Daktari akasema neva ikibidi iote upya huota kama milimita 1 kwa siku. Nikatoa futi yangu mfukoni palepale. Kutoka kiwikoni hadi ncha ya kidole, hiyo ni dhiraa, kipimo walichopimia vitambaa babu zetu kabla ya mita kufika pwani, karibu sentimita 46. Nikapiga hesabu mdomoni: zaidi ya mwaka, dhiraa moja! Mteja akinisubirisha mimi hivyo ningefunga duka. Daktari akanituliza kwamba si lazima ianze safari nzima. Sehemu ilikuwa imebanwa tu haikufa, na ikiachiwa inaamka mapema. Ni kweli. Usiku sasa nalala, na ule moto umeondoka. Gumba na kidole cha shahada vinatambua sindano, kitambaa na noti bandia. Nusu ya kwanza ya kidole cha pete imeshapata habari za ndoa. Nusu ya pili na kidole cha mwisho bado wako njiani.

Kinachouma mpaka leo ni kiganja, pembeni mwa kovu, pale unapobanwa unapopeana mkono. Nimeambiwa ni kawaida na maumivu yataisha baada ya miezi. Tabu ni kwamba bendeji haipo tena, na watu wa Tanga wanasalimia kwa mkono, kwa nguvu, na hawaachii mpaka wamemaliza kuulizia watoto, shamba na mvua. Wanaonipa pole ndio wanaobana zaidi. Kwa hiyo nawaombeni, ndugu zangu, mkinikuta sokoni, msikitini au dukani, salamu ya mdomo inatosha; nitaitikia yote, hata ya mvua. Vitambaa vya Iddi nimeanza kupokea. Kukata nakata mwenyewe, vifungo atashona kijana.